Kusoma maabara ya afya chuo kikuu: yanayomhusu kijana na mzazi wa Rukwa

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, wakati mahindi ya Ufipa yameshavunwa na watu wanasubiri kusikia bei ya NFRA. Huo ndio wakati simu na ujumbe mfupi humiminika studio kwetu na swali lile lile: mtoto amefaulu sayansi, anataka kusoma "maabara", je, ni kozi gani hiyo, inasomwa wapi, na yatatosha magunia mangapi? La magunia hatuwezi kulijibu, maana ada hubadilika na bei ya mahindi nayo haina mwenyewe. Mengine tunaweza, na tumeyaandika hapa ili hata ambaye hakusikia kipindi ayasome kwenye simu yake.

Tuanze na jambo ambalo tungependa kila mzazi alijue kabla hajauza hata debe moja. Kozi zenye neno "maabara" si kozi moja. Ipo maabara ya afya, ambayo mhitimu wake hupima damu, mkojo, choo na makohozi ya wagonjwa. Ipo pia sayansi na teknolojia ya maabara kwa jumla, inayomwandaa mtu kwa maabara za shule, viwanda, maji na utafiti. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, ambacho kina kampasi mkoani kwetu, kinafundisha hii ya pili. Ni kozi halali na ina kazi zake. Tatizo linakuja pale kijana anayetaka kufanya kazi hospitali anapoingia humo kwa kuvutwa na jina na ukaribu wa nyumbani, halafu anakuja kugundua mwaka wa mwisho kwamba alichosoma sicho alichokikusudia.

Kwenye miongozo ya udahili majina ya kozi yameandikwa kwa Kiingereza. Anayetaka hospitali atafute neno "Medical" au "Health" mbele ya "Laboratory". Akiwa bado na shaka, awaulize Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya, chombo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2007 kusimamia taaluma hii. Swali la kuwauliza ni fupi: nikimaliza kozi hii katika chuo hiki, mtanisajili? Jibu likiwa hapana, au likiwa la kuzungukazunguka, fedha ibaki nyumbani kwanza.

Nyuma ya lile dirisha dogo

Wengi wetu tunaijua maabara kwa dirisha lake tu. Unapitisha mkono, unachomwa, unakaa kwenye benchi, unaitwa, unapewa karatasi. Kwa hiyo si ajabu mzazi akituuliza kwa nini kazi ya kuchoma kidole isomewe miaka mitatu, wakati kwenye zahanati ya kijiji muuguzi anapima malaria kwa kile kipimo cha haraka na majibu yanatoka ndani ya dakika 20.

Kipimo cha haraka ni kizuri na kimeokoa wengi, hasa chini bondeni Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako joto na mbu ni vingi kuliko huku juu. Lakini chenyewe hujibu ndiyo au hapana tu, na wakati mwingine ile "ndiyo" ni ya zamani. Aina inayotumika sana hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya dawa kuua vimelea vyote. Mtoto aliyemaliza dawa nusu mwezi uliopita, akipata homa ya sababu nyingine kabisa, kipimo kinaweza bado kuonyesha mistari miwili.

Hapo ndipo huhitajika slaidi na hadubini. Mtaalamu anaweka tone nene na tone jembamba la damu, anayatia rangi ya Giemsa, anatazama. Kabla ya kusema hakuna malaria anatakiwa awe ametazama maeneo yasiyopungua 100 chini ya lenzi kubwa. Akiviona vimelea, anavihesabu na kutaja ni vya aina gani. Slaidi iliyopakwa vibaya, rangi iliyochakaa au macho yaliyochoka saa kumi jioni baada ya wagonjwa sitini, yote hayo hubadilisha jibu. Na daktari anaandika dawa kwa kufuata jibu hilo.

Chukua mfano mwingine unaotuhusu sisi wa nyanda za juu. Mama mjamzito anapimwa wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, katika miezi mitatu ya mwanzo na mitatu ya mwisho, ana upungufu. Sasa, Sumbawanga mjini iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwambao wa Kirando au kandokando ya Ziwa Rukwa ni kama mita 800 tu. Kadiri mtu anavyoishi juu, hewa huwa nyepesi na mwili wake hutengeneza chembechembe nyekundu nyingi zaidi ili kufidia. Ndiyo maana shirika hilo hilo linashauri kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko. Kwa kimo cha Sumbawanga ni kupunguza karibu gramu 1. Mama wa Sumbawanga mwenye 11.3 kwenye karatasi anaonekana yuko salama, kumbe kwa kimo cha makazi yake ameshapungukiwa, na anakaribia kujifungua. Mashine hutoa namba tu. Anayejua namba hiyo ina maana gani mahali ilipopimwa ni mtu aliyefundishwa.

Na sampuli nazo husafiri. Kutoka Mtowisa au Muze hadi Sumbawanga ni kupanda ukingo wa bonde, mara nyingi kwa pikipiki. Damu iliyotolewa bila kutenganishwa haitulii njiani. Chembe zake huendelea kula sukari, na kila saa inayopita kipimo cha sukari hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 hivi. Chembe zikipasuka kwa joto au kutikiswa, potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika na kufanya kipimo kionyeshe hatari ambayo mgonjwa hana. Mtaalamu mzuri akipokea chupa ya namna hiyo huikataa na kuomba nyingine. Wagonjwa hawapendi, madaktari wengine nao hawapendi, lakini kukataa sampuli mbovu ni sehemu ya kazi na kunafundishwa darasani.

Tuongeze la taifodi, kwa sababu tunajua mtakuwa mmelisubiri. Nani hajawahi kurudi nyumbani na karatasi yenye malaria, taifodi na UTI kwa pamoja? Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hakitafuti bakteria wa taifodi mwenyewe. Hutafuta kinga ambazo mwili umetengeneza, na kinga hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za vijidudu vingine vya jamii hiyo. Jibu moja la Widal peke yake halitoshi kusema mtu ana taifodi. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha damu ili bakteria waonekane na kujaribiwa ni dawa gani inawaua, kazi ya siku kadhaa inayohitaji vifaa na mtu anayejua. Ukisikia mtaalamu wa maabara anashauri kutotegemea Widal, usidhani anakunyima huduma.

Lililo zito kuliko yote ni damu ya kuongezewa. Mama anatokwa damu baada ya kujifungua, ndugu wamejitolea, chupa ipo. Mtu wa maabara ndiye anayethibitisha kundi, anayeoanisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa, na kuhakikisha imepimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Damu ya kundi lisilopatana inaweza kumuua mgonjwa kwa mililita chache tu. Kazi hiyo hufanyika hata saa nane usiku, haraka, na haina nafasi ya "nadhani".

Milango miwili ya kuingilia

Mlango wa kwanza ni wa moja kwa moja: kidato cha sita, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ili kuingia shahada ya maabara ya afya unatakiwa ufaulu yote matatu, kwa alama A hadi E. S haihesabiki. Mara nyingi vyuo hutaka jumla isiyopungua pointi 6, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Chuo kinaweza kuweka sharti lake juu ya hapo, kwa mfano alama fulani ya Kemia. Masharti ya mwaka husika yako kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, unaopatikana bure kwenye tovuti yao. Maombi yenyewe hutumwa kwenye chuo, si TCU.

Mlango wa pili ni stashahada, na kwa vijana wengi wa mkoa wetu tunaona huu ndio wenye akili zaidi. Unaanzia kidato cha nne. Ni lazima uwe umefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kwa angalau D, pamoja na somo jingine lisilo la dini. Hesabu na Kiingereza usivipuuze hata kidogo, kwa sababu vinaweza kukufungia njia mbele ya safari. Stashahada ni miaka 3, chini ya usimamizi wa NACTVET. Ukimaliza unaweza kusajiliwa, kufanya kazi na kupata kipato, kisha ukaenda chuo kikuu baadaye. Vyuo vikuu kwa kawaida humtaka mwenye stashahada awe na GPA isiyopungua 3.0, na bado watauliza vyeti vyake vya kidato cha nne. Tumekutana na watu waliofanya kazi maabara miaka kumi, wazuri kuliko wengi, waliokwamishwa na F ya Hesabu waliyoipata wakiwa na miaka 17. Kurudia mtihani huo mapema ni rahisi kuliko kuurudia ukiwa na watoto watatu.

Iko pia ngazi ya chini yake, astashahada, inayotoa wasaidizi wa maabara. Hiyo tutaizungumzia siku nyingine.

Kwa upande wa shahada, vyuo vinavyojulikana zaidi ni vitatu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kiko Dar es Salaam na ni cha serikali. Chuo cha KCMC kiko Moshi na CUHAS kiko Bugando, Mwanza. Hivi viwili ni vya taasisi za dini, na ada zake kwa kawaida huwa juu kuliko za serikali. Vyote viko mbali. Zamani kutoka tu Sumbawanga hadi Tunduma ilikuwa safari ya kumaliza siku, hasa masika. Lami imepunguza adha hiyo, lakini nauli ya kwenda Moshi au Mwanza na kurudi kila likizo bado ni sehemu ya bajeti ambayo wazazi husahau kuiandika.

Wanachosoma

Idadi ya miaka imeandikwa kando ya kila kozi kwenye mwongozo. Iliyozoeleka ni 3. Mwanzoni mwanafunzi husoma mwili wa binadamu, jinsi unavyofanya kazi na kemia yake, mara nyingi pamoja na wanaosomea udaktari na uuguzi. Kisha huingia kwenye matawi ya maabara yenyewe: magonjwa ya damu na uongezaji damu, vimelea kama malaria, minyoo na kichocho, bakteria na virusi, kemia ya damu na mkojo, kinga za mwili, na utayarishaji wa nyama za mwili kwa ajili ya kutafuta saratani. Siku hizi vinasaba navyo vimo, kwa sababu mashine kama GeneXpert inayotafuta kifua kikuu kwenye makohozi inafanya kazi kwa kusoma vinasaba vya bakteria.

Kinachoitofautisha shahada na stashahada ni sehemu ya usimamizi, ubora na utafiti. Mwenye shahada anatarajiwa aweze kuendesha maabara nzima: kuagiza vitendanishi kabla havijaisha, kujua mashine inapoanza kudanganya, kuandaa maabara kwa ajili ya ithibati, kuandika utafiti. Machi 2023, watu walipoanza kufa mkoani Kagera kwa ugonjwa usiojulikana, ni Maabara Kuu ya Taifa ya Afya ya Jamii, hapa hapa nchini, iliyothibitisha kuwa ni virusi vya Marburg.

Kitu kimoja ambacho wanafunzi hukiona kwa mshangao: mafunzo kwa vitendo huanza mapema na yana hatari zake. Kila anayeingia maabara anapaswa kuwa amepata chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu. Uliza chuo kama chanjo hiyo imo ndani ya ada au utailipia mwenyewe.

Fedha

Kwa shahada, mwanafunzi anaweza kuomba mkopo Bodi ya Mikopo, HESLB. Mkopo hautolewi kwa kila anayeomba, na anayepata si lazima apate asilimia mia. Kinachowaangusha wengi wa vijijini si kukosa sifa, ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vivyo hivyo. Kama kaya ilikuwa kwenye mpango wa TASAF, uthibitisho wake uwepo. Namba ya NIDA iwepo. Mambo haya huchukua wiki, na kutoka Kasanga au Ilemba hadi mjini kufuatilia karatasi moja ni nauli na siku nzima. Yaanze kufuatiliwa mtoto akiwa bado kidato cha sita, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Mzazi aelewe pia kwamba "bumu" ni deni. Mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi liishe.

Kwa stashahada, serikali ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za kipaumbele. Orodha ya kozi hizo hutangazwa na Bodi, kwa hiyo angalia kama kozi yako imo kabla ya kupanga bajeti kwa kuitegemea.

Baada ya kuhitimu

Mwenye shahada hapewi leseni siku ya kuvaa joho. Kuna utarajali wa mwaka 1 katika hospitali zilizokubaliwa, akifanya kazi chini ya usimamizi. Kisha hujisajili Baraza, na leseni ya kufanya kazi lazima ihuishwe. Anayefanya kazi bila usajili anavunja sheria, hata kama vyeti vyake ni vya kweli.

Ajira za serikali hazigawiwi tena kama zamani. Nafasi hutangazwa, mtu huomba kwa mtandao, na ushindani ni mkubwa. Tunasema hivi kwa sababu tumesikia wazazi wakiambiwa kwamba kozi za afya "zina kazi mkononi". Wapo wahitimu wanaojitolea kwenye vituo wakisubiri nafasi, na wakati huo huo vipo vituo vya afya visivyo na mtu wa kutosha maabara. Mambo haya mawili yanaishi pamoja katika nchi moja, na mhitimu anayekubali kwenda bondeni au mwambao asishangae akikuta washindani wachache kuliko anayeng'ang'ania mjini. Zaidi ya serikali kuna hospitali za mashirika ya dini, kama ile ya Dkt. Atman hapa Sumbawanga, kuna miradi ya utafiti, na kuna hospitali binafsi.

Wengine hutuuliza kuhusu kufungua maabara yao wenyewe, Laela, Matai au Namanyere. Inawezekana, lakini si kwa kupanga fremu na kununua hadubini. Maabara binafsi za afya zina sheria yake tangu 1997 na bodi yake ya kuzisimamia. Maabara husajiliwa, jengo hukaguliwa, na msimamizi lazima awe mtaalamu aliyesajiliwa mwenye leseni hai. Usajili wa maabara na leseni ya msimamizi vinatakiwa vionekane ukutani. Nawe unayekwenda kupimwa una haki ya kuuliza viko wapi kabla hujanyoosha mkono.